Maswali ya Wasomaji: Je, mwovu wa hadithi ana haki ya kusimuliwa upya?

Tangu filamu ya Wicked ianze kuonyeshwa Novemba 2024, na sehemu yake ya pili Novemba 2025, safu hii imekuwa ikipokea barua zinazouliza kuhusu riwaya iliyozaa filamu hizo. Riwaya hiyo iliandikwa na Mmarekani Gregory Maguire na kuchapishwa mwaka 1995. Inasimulia maisha ya Mchawi Mwovu wa Magharibi tangu kuzaliwa hadi kufa, yule yule ambaye L. Frank Baum alimfanya adui wa mtoto Dorothy katika The Wonderful Wizard of Oz, kitabu cha watoto kilichotolewa Chicago mwaka 1900. Tumechagua barua nne. Majibu yanataja matukio ya riwaya mpaka mwisho wake, kwa hiyo asiyependa kuyajua mapema na aanze na riwaya yenyewe.

*Ndugu Mhariri, nilipomaliza kusoma Wicked nilibaki na fadhaa. Nimekulia kwenye ngano ambazo zimwi ni zimwi, na mtoto akilisikia likitajwa anajua akimbilie wapi. Katika riwaya hii nimejikuta nikimlilia mwanamke ambaye zamani nilifurahia kifo chake. Je, mwandishi hatufundishi kwamba hakuna uovu duniani, ila kuna watu walioumizwa tu? Na ikiwa ndivyo, wale walioumizwa na waovu hao watasemewa na nani?* — Msomaji wa kike, Tanga

Dada yetu wa Tanga, swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia, lakini kwanza turudi kwa Baum, kwa maana wengi wetu tunampima Maguire kwa kumbukumbu ya filamu tulizozitazama, wala si kwa kitabu alichokuwa akikijibu.

Kwa Baum, Mchawi wa Magharibi hana jina, hana wazazi, hana hata siku moja ya ujana. Karibu maisha yake yote yamo ndani ya sura moja. Ana jicho moja lenye nguvu ya kuona mbali kama darubini, anaogopa giza na anaogopa maji. Anapowaona Dorothy na wenzake wakiingia katika nchi yake, anawatumia mbwa mwitu 40, kisha kunguru 40, kisha kundi la nyuki weusi, kisha Wawinkie wenye mikuki, ambao ni wenyeji wa nchi ile aliowatia utumwani, na mwishowe nyani wenye mabawa. Huo ni uovu wa matendo, wala hakusingiziwa. Baum alieleza katika dibaji yake kwamba alitaka kuandika hadithi itakayobakiza maajabu na furaha na kuacha nje majonzi na majinamizi. Katika hadithi ya namna hiyo adui hupewa nguvu za kutosha kumzuia shujaa njiani, basi. Asili yake haiulizwi, kwa sababu ikiulizwa majonzi yatarudi.

Hata hivyo Baum mwenyewe aliacha ufa, na mtu akisoma kwa makini atauona. Anayeamuru mchawi auawe ni Oz, mtawala wa Jiji la Zumaridi, ambaye anamwambia mtoto mgeni kwamba hatarudishwa kwao Kansas mpaka amemuua mwanamke yule. Dorothy analia na kusema kwamba hajawahi kuua kitu chochote kwa kupenda. Baadaye tunagundua kwamba mtawala huyo ni laghai, mzaliwa wa Omaha aliyeletwa na puto, asiye na uwezo wowote wa ajabu, na kwamba mchawi aliwahi kuwatuma nyani wakamfukuza kutoka nchi ya Magharibi. Basi mashtaka yaliletwa na mtu mwenye ugomvi wake wa zamani, na hukumu ikatekelezwa na mtoto asiyejua lolote kuhusu ugomvi huo. Maguire hakuubuni ufa huu. Aliingia ndani yake akiwa na taa.

Amewahi kueleza kwamba wazo lilimkomalia alipokuwa akiishi London mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati wa Vita vya Ghuba aliona gazeti likimlinganisha Saddam Hussein na Hitler, akashtuka kuona jinsi jina moja lilivyoweza kuugeuza msimamo wake kuhusu vita. Kisha mwaka 1993 wavulana wawili wa miaka 10 walimuua mtoto wa miaka 2 huko Liverpool, na Uingereza nzima ikawa inajiuliza kama mtu huzaliwa mwovu au hufanywa mwovu. Akachukua herufi za kwanza za majina ya Baum, L, F na B, akaunda jina Elphaba, na kumpa yule mwanamke asiye na jina.

Elphaba wa Maguire anazaliwa na ngozi ya kijani kwa baba mhubiri anayeiona ngozi hiyo kuwa adhabu. Ana mdogo wake, Nessarose, aliyezaliwa bila mikono. Anasoma katika chuo kikuu cha Shiz, anakoishi chumba kimoja na Galinda, msichana wa familia ya fahari, na anamsaidia Daktari Dillamond, mhadhiri ambaye ni Mbuzi mwenye akili na usemi kama binadamu, wakati ambapo serikali ya nchi ya Oz inawanyang'anya Wanyama wa aina yake haki ya kusafiri na kufanya kazi walizozisomea. Dillamond anauawa. Elphaba anaingia katika harakati za siri, anampoteza Fiyero, mwanamume anayempenda, mikononi mwa askari wa mtawala, kisha anakwenda mbali milimani kwa Sarima, mjane wa Fiyero, akitaka kuungama na kuomba msamaha.

Sasa nikujibu. Riwaya haisemi kwamba hakuna uovu. Uovu umo tele, ila umehamishwa kutoka kwenye kofia nyeusi na kupelekwa ikulu, kwenye amri zinazotiwa saini na kwenye kimya cha wasomi wanaoziona. Na Elphaba mwenyewe hakusafishwa. Anaishi na mtoto Liir, ambaye kila dalili inaonyesha kuwa ni wake wa kumzaa, bila kumwonyesha mapenzi na bila kumwambia ukweli. Anarudi Shiz kumuua Madame Morrible, mkuu wake wa zamani wa chuo. Anamkuta kitandani, huenda amekwisha kukata roho muda mfupi kabla, anampiga kichwani hata hivyo, kisha anatoka kwenda kujitangaza kuwa yeye ndiye muuaji. Mwishoni halali usingizi, anaandamwa na tamaa ya viatu vya mdogo wake aliyekufa, na anamfanya mtoto wa watu kuwa adui. Sababu za kuanguka kwake tumeziona zote, moja baada ya nyingine, na bado matendo ni yake. Mwandishi aliyetaka kumwachia huru angeyafuta mambo hayo, na kuyafuta kungekuwa rahisi sana.

Wako waandishi wanaoyafuta. Siku hizi ni jambo la kawaida kukuta riwaya au filamu ambayo adui maarufu anapewa jeraha moja la utotoni, mara nyingi mama aliyekufa au mpenzi aliyemsaliti, na kuanzia hapo kila alichokitenda kinahesabiwa kuwa kosa la mwingine. Kazi za namna hiyo naziona dhaifu, kwa sababu iliyo katika swali lako: hazina nafasi kwa aliyetendewa. Katika Wicked nafasi hiyo ipo. Kila Elphaba anapotaka kuungama mbele ya Sarima, Sarima anamkatiza na kukataa kumsikiliza. Mjane ana haki ya kutolipokea ungamo, na mwandishi hamlazimishi alipokee ili sisi wasomaji tupate faraja. Naamini kurasa hizo ndizo moyo wa kitabu. Aliyekosa anaachwa na kosa lake, huku aliyekosewa akibaki na heshima ya kuamua.

*Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu wa sekondari. Wanafunzi wangu waliitazama filamu, na mmoja alipomwona Elphaba akichekwa kwa ajili ya ngozi yake alisema kwamba huku kwetu asingechekwa tu, angeuawa. Darasa likanyamaza, nami sikupata la kusema. Je, ni halali kuisoma hadithi hii kwa macho ya Kanda ya Ziwa, au tunakilazimisha kitabu cha Wamarekani kibebe yasiyo yake?* — Mwalimu, Mwanza

Mwalimu, ni halali kabisa, na mwanafunzi wako ameligusa jambo ambalo limekuwamo tangu hadithi hii ilipozaliwa. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi mizizi yake, waambie kwamba mama mkwe wake Baum alikuwa Matilda Joslyn Gage, mpigania haki za wanawake, ambaye mwaka 1893 alichapisha kitabu kilichosema kwamba wanawake walioteketezwa Ulaya kwa tuhuma za uchawi waliandamwa kwa sababu ya elimu yao na kwa sababu walikuwa wanawake. Inaaminika kwamba fikra zake zilimwongoza mkwewe kuwaweka wachawi wema katika kitabu chake, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika hadithi za watoto. Waambie pia upande wa pili, hata kama unauma: Baum huyo huyo, alipokuwa mhariri wa gazeti huko Aberdeen, Dakota Kusini, aliandika mwishoni mwa 1890 na mwanzoni mwa 1891 tahariri zilizotaka wenyeji asilia wa Marekani wamalizwe wote. Mtu mmoja aliweza kuwatetea wanawake waliopewa jina la wachawi na, kwa kalamu ile ile, kulipa taifa zima jina la kulihalalishia kifo.

Kuhusu ngozi, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Baum hakuandika popote katika kitabu cha 1900 kwamba mchawi huyo ni wa kijani. Rangi hiyo ililetwa na filamu ya 1939 iliyotokana na kitabu hicho, ambamo mwigizaji Margaret Hamilton alipakwa rangi usoni na mikononi katika siku ambazo filamu za rangi bado zilikuwa ajabu. Filamu hiyo ndiyo pia iliyowafanya wachawi wa Mashariki na Magharibi kuwa ndugu. Maguire aliyachukua yote mawili. Kilichokuwa pambo la kuwavutia watazamaji amekifanya kuwa msiba wa mtoto mchanga: anaonekana mwovu kabla hajatenda neno lolote, kwa sababu ya mwili aliokuja nao.

Hapo ndipo Usukuma inapoingia, wala hamkuilazimisha. Vikongwe wa Shinyanga, Geita na Mwanza wameuawa kwa kudaiwa kuwa wachawi, na dalili iliyotolewa mara nyingi ni macho mekundu, ambayo mwanamke aliyepika maisha yake yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe katika nyumba isiyo na dirisha huyapata kwa moshi. Watu wenye ualbino, hasa kuanzia mwaka 2007, walivamiwa na kukatwa viungo na watu walioambiwa na waganga kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Nakuomba utenganishe mambo hayo mawili darasani: vikongwe walituhumiwa, ilhali wenye ualbino waliwindwa bila hata kutuhumiwa. Watenganishe wote hao na Elphaba pia. Yeye ni mhusika wa fantasia, katika ulimwengu ambao ufagio unaruka kweli, na hatimaye anaingia katika matendo mabaya. Bibi wa Shinyanga hakuwa na ufagio, wala hakuna kosa lake la kuchunguza.

Kwa kazi ya darasani ninapendekeza ufunguzi wa riwaya, usimuliwe kwa maneno yako kwa kuwa lugha yake si ya vijana. Elphaba amejificha juu ya mti. Chini yake wamepumzika Dorothy, Simba, mtu wa bati na mtu wa kutishia ndege, nao wanamsengenya. Kila mmoja ana maelezo yake kuhusu sababu ya uovu wa mchawi, na maelezo hayo yanapingana, na hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyewahi kukaa naye. Waulize wanafunzi kila msemaji alizipata wapi habari zake. Kisha waulize swali hilo hilo kuhusu habari wanazozisikia mtaani. Ukimya wa siku ile nao haukuwa kosa, Mwalimu. Walihitaji kuona kwamba mtu mzima naye hulemewa na jambo kama hilo.

*Binti yangu ana miaka 11. Ameitazama filamu, anaimba nyimbo zake usiku na mchana, na sasa anadai kitabu. Nimnunulie?* — Mama, Nairobi

Bado, Mama. Filamu hazikutoka moja kwa moja kwenye riwaya, bali kwenye tamthilia ya muziki ya Stephen Schwartz na Winnie Holzman iliyofunguliwa Broadway tarehe 30 Oktoba 2003, nayo iliibadilisha hadithi kwa kiasi kikubwa: urafiki wa wasichana wawili ukawa nguzo yake, na mwisho ukalainishwa. Riwaya ni ya watu wazima. Ina mambo ya ndoa na zinaa yaliyoelezwa wazi, ina ukatili, na ina mijadala mirefu ya dini na siasa ambayo itamchosha kabla haijamdhuru. Tahadhari na matoleo yenye picha ya filamu kwenye jalada, kwa maana ndani yake ni riwaya ile ile. Mpe kitabu cha Baum, ambacho hakimiliki yake imekwisha na hupatikana bila malipo kwenye intaneti, na kama unayo nafasi msome pamoja, sura moja kila usiku. Mkifika pale Oz anapomwamuru Dorothy akaue, simamisheni kusoma kidogo umuulize angefanya nini.

*Mimi ni mwandishi chipukizi. Nimevutiwa na mtindo huu, na ningependa kuandika riwaya kuhusu mwana wa Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani, yule aliyemuua baba yake. Je, sheria inaniruhusu? Na nianzie wapi ili nisiwaudhi watu wa pwani wanaompenda Liyongo?* — Kijana, Mombasa

Kijana wetu, umechagua mhusika mgumu na mzuri. Sheria haitakusumbua ukiwa mwangalifu. Maguire hakuhitaji ruhusa ya yeyote kwa sababu kitabu cha 1900 kilikuwa kimekwisha kuwa mali ya wote, lakini filamu ya 1939 ina wenyewe. Viatu vyekundu vya Dorothy, kwa mfano, ni vya filamu hiyo, na vya Baum vilikuwa vya fedha. Kwako, masimulizi ya Liyongo ni urithi wa pwani nzima, na utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 utakufaa kuwa msingi. Usinakili tu maelezo na tafsiri za wahariri wa siku hizi, kwa maana kazi hizo ni zao.

Kwa upande wa ufundi, tatizo lako litakuwa kwamba kila msomaji anaujua mwisho. Maguire alikuwa na tatizo hilo hilo: dunia nzima inajua kwamba mchawi atamwagiwa maji. Angalia ndoo hiyo ilivyobadilika. Kwa Baum, mchawi anamnyang'anya Dorothy kiatu kimoja kwa hila, na mtoto anammwagia maji kwa hasira. Katika filamu ya 1939 anamwaga maji ili kumzimia moto mwenzake, yakamfikia mchawi kwa bahati. Kwa Maguire, Dorothy amekuja kuomba msamaha kwa kifo cha Nessarose, aliyeangukiwa na nyumba ya mtoto huyo, nguo ya Elphaba inashika moto, na mtoto anamwagia maji ili kumwokoa. Mwanamke aliyenyimwa nafasi ya kuomba msamaha kwa miaka mingi anakufa mbele ya mtoto aliyekuja kuuomba kwake. Tukio ni lile lile na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni yale tunayoyajua kabla ndoo haijainuliwa, na hiyo ndiyo kazi yote ya mwandishi wa riwaya ya namna hii.

Kwa hiyo usiguse sindano ambayo kijana alimuulia baba yake. Iwe ya shaba, iingie kitovuni, na baba awe amelala. Ukisema kwamba sindano ilishikwa na mtu mwingine, au kwamba kijana alilazimishwa kwa upanga shingoni, utakuwa umeandika riwaya ya kumtorosha, na watu wa pwani watakuwa na haki ya kuudhika. Usimgeuze Liyongo kuwa baba katili ili mwanawe apate udhuru. Hilo ni kumchafua mmoja kwa ajili ya kumtakasa mwingine, na msomaji atalihisi hata kama hawezi kulieleza. Utenzi umekupa tayari kishawishi chenyewe, nacho ni ahadi ya mtawala wa Pate kumwoza kijana binti yake. Anza hapo. Kijana huyu alikuwa akisikia nini kuhusu baba yake katika baraza la mtawala? Nani alikuwa wa kwanza kumwambia kwamba baba huyo ni hatari kwa mji? Kuwa mtoto wa mtu ambaye kila mtu anamsifu na kila mtu anamwogopa kulimfanyia nini? Maswali haya hayapunguzi hata tone moja la damu, lakini yanamtoa kijana kwenye mstari mmoja wa lawama na kumpa maisha.

Kuna tukio moja ambalo naona masimulizi yamekuachia. Liyongo anakufa kisimani akiwa amepiga goti, upinde mkononi, na watu wa mji, wakidhani angali hai, wanaogopa kwenda kuteka maji. Wanamwomba mama yake aende kumbembeleza, naye anakwenda akiamini kwamba mwanawe amekasirika. Mama huyo ni bibi wa kijana aliyemuua, na katika mji mzima wenye kiu yuko mtu mmoja anayejua kwamba anambembeleza maiti. Andika kwanza sura ya siku hizo, uone kijana anakaa wapi, anakula nini, na anamjibu nani anapoulizwa habari za baba yake. Sura hiyo ikisimama, utajua kama unayo riwaya.